Jina la Mama Kalume

Milano, 11 Septemba 2025

Mwanangu Swabra,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, Alhamdulillahi, isipokuwa miguu imevimba kwa kukaa ndegeni na masikio bado yanavuma. Wewe je? Na mumeo, na wajukuu zangu, wanalala vipi bila bibi yao? Usiniambie hawaniulizi, sitaamini.

Nakuandikia barua humu kwenye simu, sikurekodi sauti, kwa sababu zile sauti unazifungulia pale duka la dawa hadi wateja wanajua nimekula nini. Barua husomwa na mwenyewe.

Binamu yako Ruweida alikuja kunipokea, Mungu amweke. Amekonda, lakini ni mchangamfu vile vile. Anapika kwenye mkahawa wa shule na hawezi kupata ruhusa wiki hii, kwa hivyo keshokutwa napanda treni peke yangu kwenda milimani kwa Mama Kalume. Najua hapo umeshakunja uso. Kunjua. Mimi sikuvuka bahari kuja kutazama maduka ya Milano, nimekuja kumwona mwenzangu.

Wewe ulikuwa msichana wa shule alipoondoka, hukumjua nilivyomjua mimi. Ukuta wetu pale Shela ulikuwa mmoja, akikohoa namsikia. Tulikaanga mahamri pamoja kwenye karai moja mpaka mikono yetu ikawa haina vinyweleo. Kalume wake alipokufa kwa homa, naye hajatimiza hata miaka minane, mimi ndiye niliyelala chini na mamake matanga yote. Watu wakaanza kusita kumwita Mama Kalume, wakidhani jina linamchoma. Akanishika mkono akaniambia, "Mama Swabra, wewe usiache. Nikikosa wa kuniita hivyo, mwanangu atakuwa kama hakuzaliwa." Basi sikuacha. Nilimwita hivyo alipoolewa na yule fundi mbao wa Kitaliano, Silvano, na ninamwita hivyo kwenye simu miaka yote hii tangu amfuate huku.

Silvano alifariki mwaka jana, unajua. Hawakujaliwa mtoto. Mama Kalume akahama kule kijijini walikokuwa wakiishi, akapanga chumba mji wa chini unaoitwa Pontalba, reli inapoishia. Tangu mwezi uliopita analalamika tumbo, na sauti yake imekuwa nyembamba, sipendi kuisikia. Nikimwuliza anasema ni gesi. Juzi kabla sijasafiri akaniambia, "Wewe panda treni, ukae tu mpaka isimame isiende tena. Nitakuwa hapo, nimejifunga leso, hutanipotea."

Nimemchukulia achari ya ndimu, halua na ubuyu. Uwanja wa ndege walifungua ile achari wakainusa wakaniangalia vibaya, lakini wakaniachia.

Wabusu watoto. Mlango wa nyuma ufungeni kwa komeo, si kwa kiti.

Mamako


Malindi, 12 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, watoto wanakuulizia kila wakila. Barua ndefu yote ile, na hukuandika neno moja kuhusu dawa yako ya sukari. Umemeza? Kwa wakati? Ruweida anajua kwamba ukikosa kula unatetemeka?

Mama, sikukatazi. Lini niliwahi kukukataza ukakatazika. Lakini niambie, Mama Kalume anakaa mtaa gani huko Pontalba? Nyumba ipi? Mwenye nyumba nani? Wewe unakwenda nchi ya watu, lugha huijui, na anwani uliyo nayo ni "nitakuwa hapo nimejifunga leso." Hata Mombasa hatuendi hivyo.

Nimempigia mwenyewe tangu asubuhi ili nimwulize. Simu inaita tu. Nikamwandikia, hajasoma. Labda yuko kazini, labda ameiacha nyumbani, najiambia hivyo lakini moyo haukai. Ahirisha japo mpaka apokee simu. Tiketi ya treni itabadilishwa, wewe hubadilishwi.

Mwanao,
Swabra


Ndani ya treni, 13 Septemba 2025

Mwanangu,

Umeamkaje? Dawa nimemeza, na mkate nimekula, na Ruweida amenifungia mayai mawili ya kuchemsha. Umeridhika?

Sikuahirisha. Nilifikiria sana maneno yako, nikaona hivi: ikiwa yuko salama, atanikuta stesheni. Ikiwa hayuko salama, basi ndiyo sababu ya kwenda, si ya kukaa. Ruweida alinipandisha mwenyewe akanionyesha kiti.

Naandika treni ikitembea, herufi zikiruka usishangae. Kwanza tulipita karibu na ziwa refu jembamba, limetulia, na majumba ya rangi ya manjano yameinama juu yake. Halafu milima ikaanza. Swabra, mimi nilidhani milima ni kitu cha kutazamwa kwa mbali. Hii imesimama pale pale dirishani. Ukitaka kuona kilele lazima uulaze mgongo kitini uangalie juu. Na huko juu kuna theluji, mwezi wa tisa huu, kama chokaa iliyommwagikia mtu darini. Chini wamejenga ngazi za mawe wanalima zabibu, kila shamba upana wa jamvi. Na makanisa yako juu ya majabali, sijui waumini hupandaje.

Mara treni inaingia ndani ya mlima wenyewe. Giza, masikio yanaziba. Nasoma Ayatul Kursi, na kabla sijamaliza tunatoka mwangani. Mzee aliyekaa mbele yangu amenipa tufaha, nikampa yai. Hatuelewani hata neno lakini tunatikisiana vichwa.

Ningefurahi zaidi kama moyo ungekuwa mahali pake. Nilimwandikia Mama Kalume alfajiri kwamba natoka. Ile alama ya ujumbe imebaki moja tu, ya pili haiji. Kila tukitoka kwenye giza natazama kwanza simu, halafu milima.

Mamako


Pontalba, 13 Septemba 2025, magharibi

Swabra,

Mimi niko salama, naanza na hilo ili usome mengine umetulia.

Treni ilisimama isiende tena. Watu wakashuka, wakakumbatiana, wakaondoka na mizigo yao. Nikabaki mimi na sanduku langu. Hakuna leso. Nikatembea mwanzo wa stesheni hadi mwisho, nikatazama hata vyooni. Nikakaa pale hadi treni nyingine ikaja, na nyingine. Kila ikija nasimama, kana kwamba yeye ndiye atakayeshuka.

Kuna mwanamke anauza kahawa pale stesheni, alinihurumia akaniingiza ndani. Nikapiga simu ya Mama Kalume nikapiga. Mara ikapokewa. Nikasema "Alhamdulillahi, uko wapi wewe," kumbe si yeye, ni mwanamke mwingine anazungumza Kitaliano mbio mbio. Nikampa simu yule wa kahawa. Alisikiliza maneno machache tu, kisha simu ikakatika, na tangu hapo imezimwa. Nikampigia Ruweida ili anifasirie. Yule wa kahawa alisikia mambo mawili: hospitali, na swali kama mimi ni jamaa yake.

Hospitali iko huku huku, kubwa, ya bonde zima. Nikapelekwa. Kwenye meza ya mapokezi kuna dada mmoja mwenye miwani, mstaarabu, nikamwekea Ruweida kwenye simu azungumze naye. Dada akasema vizuri, jina la mgonjwa nani.

Nikasema, Mama Kalume.

Ruweida akaniambia, "Shangazi, hilo si jina. Jina lake la pasipoti."

Jina lake la pasipoti, Swabra! Sijui. Wallahi sijui. Nimekula naye, nimelia naye, najua ana kovu chini ya titi la kushoto, jina lake silijui. La Silvano nalo nalijua hilo hilo la Silvano, la ukoo sijawahi kulisikia. Nikamwonyesha dada picha kwenye simu. Hakuitazama hata. Akasema bila jina na jina la ukoo hawezi kusema yupo wala hayupo, ndiyo sheria, akaniomba radhi. Ruweida amepiga hospitali nyingine za jirani, jibu ni hilo hilo.

Nimeona haya ambazo sijawahi kuziona. Watu wamesimama nyuma yangu kwenye foleni, na mimi nimetoka Malindi kumtafuta rafiki nisiyejua anaitwa nani.

Yule wa kahawa amenileta kwa watawa wawili wazee wenye vyumba vya wageni. Niliomba mahali pa kuswali, wakanionyesha upande jua linapotokea na wakauondoa msalaba ukutani wenyewe bila kuambiwa. Niko salama kabisa. Yeye ndiye sijui.

Tafuta jina lake mwanangu. Uliza kila mtu.

Mamako


Malindi, 14 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Usilie, na usikae na njaa. Nimefunga duka nusu siku kutafuta jina.

Mtaa mzima wa Shela unamjua Mama Kalume. Mwenye nyumba aliyempangisha miaka yote anasema, "Mama Kalume, si huyo?" Aliyekuwa akiwauzia unga, Mama Kalume. Bi Fatuma kiziwi, ndiye niliyetumaini, akanijibu kwa sauti ya mtaa kusikia: "Jina la mtu mzima unalitakia nini?" Nilijaribu hata laini yake ya zamani. Nikatuma shilingi chache kwa simu nione jina linalotokea, likatokea la mwanamume wa Bungoma. Sasa ananipigia kuniuliza mimi ni nani na kwa nini nampenda.

Wanaolijua ni kwao tu, Vitengeni. Na hapo ndipo ninapoogopa. Nakumbuka uliponieleza jinsi baba wa Mama Kalume, Mzee Dena, alivyofanya alipopata habari kwamba bintiye ameolewa na Silvano kwa karatasi za serikalini, hakuna mzee aliyetumwa, hakuna pombe ya mnazi ya posa iliyofikishwa kwao. Alikusanya boma lote akasema jina lake lisitajwe tena pale, mkubwa wala mdogo. Na mzee yule ni mtu wa neno lake.

Nakwenda hata hivyo. Naondoka kesho mapema. Boma lao liko ndani, mbali na soko, na simu huko hazishiki, kwa hivyo usiponipata usiogope.

Dawa, mama. Na soksi.

Mwanao,
Swabra


Pontalba, 16 Septemba 2025

Swabra mwanangu,

Kimya chako kinanitesa. Ulisema nisiogope, lakini kusema ni rahisi. Jana nilikaa na simu mapajani mchana kutwa. Umefika? Wamekupokea au wamekufukuza?

Hapa kila siku naenda hospitali nakaa kwenye viti vya chini. Dada wa miwani amenizoea. Asubuhi ananisalimu, mchana ananiletea maji, na kila nikisimama mbele ya meza yake ananitazama kwa macho ya kuuliza, umelipata? Namtikisia kichwa. Leo alishika mkono wangu. Sheria yake siichukii tena. Na mimi nisingependa mtu yeyote apande tu chumbani kwangu kwa kuonyesha picha yangu.

Lakini hebu fikiria. Labda yuko juu ya kichwa changu, ghorofa mbili tu, anajiuliza kwa nini sikuja. Anadhani nimemtupa. Nimetamani kusimama kwenye ngazi nipige ukelele nimwite, nikaogopa watanitoa nje nisirudi tena. Leo nimepanda lifti kwa ujinga, nikapita mlango baada ya mlango nikichungulia, mlinzi akanirudisha chini kwa upole kama ng'ombe aliyepotea.

Ruweida amewaza jambo ambalo sikutaka kuliwaza. Anasema hospitali ikiuliza kama wewe ni jamaa, mara nyingi kuna jambo la kuamuliwa.

Watawa wananiombea. Mmoja ameniuliza kwa ishara, huyu ni dada yako? Nikasema ndiyo. Na sikujiona nimesema uongo.

Niandikie, hata kama ni "sikupata."

Mamako


Vitengeni, 17 Septemba 2025, asubuhi

Mama,

Shikamoo. Nimelipata. Soma kwanza jina umpelekee yule dada, haya mengine utayasoma baadaye:

KADZO DENA

Hilo la kwanza ni lake, la pili la babake. Nenda. Usimalize barua.

Kama umesharudi, sasa nakueleza.

Nilifika bomani mchana wa juzi. Kakake, Kiponda, alinipokea vizuri, maji, kiti, habari za Malindi. Nilipotaja nilichokuja kukitafuta akaweka kikombe chini. Akasema, "Dada, ningekuwa na ruhusa ningekwambia kabla hujakaa. Mwenye boma hajasema." Nikamwambia ni mgonjwa. Akageuza uso, lakini hakutamka. Wakeze hawakutamka. Watoto hata hawalijui, wao wanamjua kama "yule wa Ulaya." Na Mzee Dena mwenyewe alikuwa Mariakani amepeleka mbuzi, hajulikani atarudi lini. Mama, nilikaa pale nikila ugali wao na mchicha wao, na watu wazima wote wanajua neno ninalolitaka, wamelifunga kinywani. Nilikasirika mpaka nikakata kuni ili nisigombane na mtu.

Mzee akarudi jana jioni. Amezeeka, mkongojo sasa anautegemea kweli. Alinisikiliza huku anapukuchua mahindi, hakuninyanyulia uso. Kisha akauliza, "Ni mgonjwa au amekufa?"

Nikamwambia, "Hatujui, mzee. Hatuwezi kuuliza. Mama yangu yuko mlangoni pa hospitali na hana jina la kumwulizia."

Akapukuchua gunzi lile mpaka likaisha, akachukua jingine. Mimi nimekaa. Kiponda amesimama. Mwishowe mzee akasema, kama anayezungumza na mahindi, "Nilimpa jina la mamangu. Tangu mdogo sikumwita kwa jina, nilimwita mayo, mama. Nilipokataza asitajwe, nilikataza na mamangu asitajwe kwangu. Miaka yote hii sijamwita mamangu hata nikitambika." Akaliweka gunzi chini. Halafu akasema, "Kadzo. Andika. Kadzo wa Dena."

Mke wa pili wa mzee, aliyekuwa anakoka moto, akaanza kulia palepale. Kiponda naye akalitamka, mara mbili tatu, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

Nikasema niondoke usiku huo nikatafute mtandao, wakanikataza njia. Nimetoka alfajiri na pikipiki. Wakati napanda mzee akaja mpaka kwenye pikipiki, akauliza, "Na huko kwa wazungu anatumia langu, au anatumia la mumewe?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi huenda nimekupa jina lisilofaa kitu." Kama amechukua la Silvano, tumerudi tulipokuwa.

Nangoja hapa sokoni penye mtandao. Sitoki mpaka uniambie.

Mwanao,
Swabra


Pontalba, 17 Septemba 2025, alasiri

Mwanangu Swabra,

Mungu akubariki, akuzidishie, akupe watoto watakaokutafutia jina lako.

Nilikwenda mbio, kandambili za watawa miguuni. Dada wa miwani aliniona tu akasimama. Nikampa simu asome mwenyewe. Akaandika kwenye mashine yake. Nikasikia kila kidole. Halafu akaivua miwani, akaniambia "sì," ndiyo, na hilo hata mimi nalielewa.

Yuko ghorofa ya tatu. Swabra, amekwisha. Amebaki macho. Nilisimama mlangoni nikasema, "Mama Kalume." Akageuka. Akasema, "Umechelewa, chai imepoa." Basi tukalia wote wawili hata mgonjwa wa kitanda cha pili akalia bila kujua sababu.

Sikia yaliyotokea. Utumbo umeziba kwa uvimbe. Alianguka nyumbani siku moja kabla sijaja, akaletwa hana fahamu. Simu yake ilipokelewa na muuguzi wa mapokezi ya dharura, kisha ikaisha chaji, wakaifungia kwenye mfuko pamoja na nguo zake. Homa ilipopungua akawaambia kuna mgeni wangu anakuja kwa treni, mtafuteni. Wakamwuliza, mgeni anaitwa nani? Akawaambia, Mama Swabra. Wakamwuliza jina lake hasa. Naye hakulijua, Swabra. Amenitazama leo akaniuliza, kwa haya, "Kwani wewe unaitwa nani?" Nikamwambia naitwa Hindu. Akasema, "Jina zuri. Ungeniambia zamani."

Madaktari walitaka kumpasua tangu Jumapili. Amekataa kutia sahihi. Walimwuliza una ndugu, akasema sina. Walimwuliza una nani, akasema nina mtu mmoja, yuko njiani, mpaka afike sikatwi. Hataki kupasuliwa akiwa hana wa kumngoja mlangoni. Siku zote hizi mimi nimekaa chini nikimngoja yeye, na yeye juu ananingoja mimi, na uvimbe haungoji mtu. Daktari amekasirika kwa kuchelewa kule. Anasema ingefanywa mapema ingekuwa rahisi. Sasa ametia sahihi. Wanampeleka kesho asubuhi. Nimeuliza kuna hatari kiasi gani, Ruweida akanyamaza kwanza ndipo akanifasiria, kwa hivyo najua hakunifasiria yote.

Sasa sikia hili, umpelekee Mzee Dena neno kwa neno. Huku mwanamke akiolewa hubaki na jina la ukoo wake. Lakini Silvano alimwambia akitaka anaweza kuongeza la kwake. Mama Kalume akakataa. Barua zake zote, kadi zake zote, mlango wa chumba chake, umeandikwa Dena. Mwambie mzee hivi: jina alilolikataza kwake, mwanawe amelivaa kila siku huku milimani. Wauguzi hawamwiti kitu kingine ila "Signora Dena," yaani Bi Dena.

Nilimwambia Mama Kalume aliyenipa jina ni babake. Hakuamini. Aliniuliza, "Amelitamka kwa kinywa chake?" Nikamwambia kwa kinywa chake. Akageukia ukutani. Kisha akasema, "Ningependa kulisikia. Kabla ya kesho, kama inawezekana."

Fanya unavyoweza. Simu yangu iko wazi.

Mamako


Vitengeni, 18 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa, nisamehe. Barua yako niliipata jioni, pikipiki zimeshaacha kwenda huko ndani kwa sababu ya mvua. Nilitoka kabla jua halijachomoza, tukakwama kwenye tope, nikamaliza njia kwa miguu.

Nilimkuta mzee amekaa nje. Nilimwambia neno kwa neno ulivyoandika. Nilipofika kwenye mlango ulioandikwa Dena, aliinua mkono ninyamaze. Akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Akatoka amevaa shati lake jeupe na kofia. Akasema, "Nipelekeni simu inaposhika."

Tukambeba, mama. Mimi na Kiponda tulimpakata pikipikini, na palipokuwa na tope tukambeba kwa mikono. Hakulalamika. Njia nzima alikuwa anasema kitu chini kwa chini, nikadhani anaomba. Nilipoinamisha sikio nikasikia ni jina lake, anajizoeza.

Tumefika sokoni sasa hivi. Nakupigia hupokei. Nimempigia Ruweida, anasema Mama Kalume ameshaingizwa chumba cha upasuaji tangu saa mbili zenu na simu yako wamekwambia uizime kule ndani. Nimemwambia mzee. Amekaa hapa kwenye benchi la duka la mbegu, watu wanamletea chai hainywi. Simu yangu ameishika yeye kwa mikono miwili, ananiazima tu niandike kisha anainyakua. Anataka kujua kama amechelewa. Nimwambie nini?

Ukitoka tu, hata kama huna la kusema, andika.

Mwanao,
Swabra


Pontalba, 18 Septemba 2025

Swabra,

Ametoka. Uvimbe umeondolewa, damu imesimama, moyo unapiga. Lakini haamki. Muda wa kuamka umepita na daktari amekuja mara ya pili na uso wake si mzuri. Wanampiga piga shavuni, wanaita "Signora Dena, Signora Dena." Daktari ameniambia nami nimwite, sauti anayoijua huenda ikamrudisha. Nimemwita Mama Kalume mpaka koo limekauka. Machozi yamemtoka pembeni ya jicho, lakini hajafumbua.

Wameniruhusu kuwasha simu. Piga sasa hivi, naiweka kwenye sikio lake.

Mpe mzee aite.

Mamako